Shahidi wa Bwana Zuzi

Mwaka ule wa kesi kubwa, televisheni ya hapa Afrika Kusini ilikuwa inaonyesha mahakama kutwa nzima, na mtu hakuweza kuingia dukani kwangu kununua nusu kilo ya unga wa muhogo bila kusimama kwanza kumsikiliza wakili. Duka langu liko mtaa wa Umbilo, chini ya fleti tunayokaa. Nauza vyakula vya kwetu Kivu: unga, mawese, ndagala ndio dagaa, sombe ya majani ya muhogo iliyogandishwa, samaki wa moshi. Nilianza na beseni moja kichwani pale soko la Warwick, wakati ule nina miaka hamsini na kitu, Kizulu sijui, Kiingereza sijui, polisi wa jiji wananifukuza kama kuku. Leo nina friza tatu. Hakuna aliyenipa. Nasema hivyo ili ujue anayekuandikia ni mtu wa namna gani: shule niliacha darasa la tatu, kwa masista, na maneno yangu hayana pambo.

Siku moja wajukuu zangu walikuwa nyuma ya duka, kati ya magunia, nao wamefungua mahakama yao. Mkubwa, wa kike, amejifunga kitenge changu cheusi mabegani, ndiye jaji. Mtoto wa jirani yetu Mrundi wamemsimamisha juu ya ndoo, ndiye mshitakiwa. Na mdogo kabisa, ana miaka sita, ndiye shahidi, wamemketisha kwenye kreti ya soda kama mtu mzito. Nikamsikia jaji anamuuliza kwa Kiingereza chao cha shule kama alimwona yule wa kwenye ndoo kwa macho yake. Yule mdogo akanyoosha mgongo, akavuta pumzi ajibu.

Nilivua sandali nikaitupa. Ilimpata jaji begani.

Mama Mrundi alikuwa kaunta anachagua ndagala. "Eish, Mama! Unatupia watoto kiatu juu ya nini? Iko mchezo tu!"

"Najua ni mchezo."

"Sasa?"

"Sasa waende kucheza mpira."

Akacheka. "Wewe Tate iko mkali kuliko yule jaji wa tivi!" Tate ndiyo bibi kwa kwetu, na mtaa mzima wananiita hivyo. Nikampimia ndagala wake, nikamwongezea kiganja kimoja, akaenda. Yeye sikumweleza. Nakueleza wewe, ndugu yangu, kwa kuwa wewe uko mbali na hutanitazama usoni.

Sisi tulizaliwa upande wa Kivu, kwenye kilima, enzi ya Wabelgiji. Kilima chenyewe kilikuwa kimepangwa. Juu kabisa nyumba ya Bwana Zuzi, yenye baraza pana na waridi. Katikati ofisi na bendera, na pembeni yake jela ya matofali mekundu. Chini, baada ya uzio wa miti, nyumba zetu sisi wafanyakazi. Hata harufu zilijua mahali pake: juu kahawa na mkate, chini sombe na moshi. Asubuhi saa kumi na mbili polisi anagonga kipande cha reli, kengi-kengi-kengi, na wafungwa wanatoka na mashati yao ya mistari kupandisha maji ya kuoga ya Madame, mke wa Zuzi. Ukungu unapanda kutoka bondeni, waridi zinanukia, watu wanapita na madebe kichwani wanaimba polepole. Kulikuwa kuzuri. Usinishangae. Mtoto hajui kwamba uzuri ule unabebwa na mtu aliyefungwa.

Zuzi ni jaji, ndivyo walivyosema wazee wetu. Lakini alikuwa zaidi ya jaji. Alikuwa mkubwa wa teritware nzima, yaani wilaya: kodi ni yeye, barabara ni yeye, mashamba ya pamba ya lazima ni yeye, jela ni yeye, na Jumatatu anavaa koti jeupe la vifungo vya shaba anakuwa hakimu. Aliyekuamuru kuchimba barabara Jumanne ndiye anayekuhukumu Jumatatu kwa kutokwenda. Ukitaka kumlalamikia, unapeleka malalamiko kwake.

Usifikiri alikuwa mtu wa kelele. Sijaona tena mtu mpole kama yule. Hakupata kumpiga mtu kwa mkono wake. Mkono wake ulikuwa wa kuandika kwa wino wa zambarau na kukata waridi. Tumbo lilimsumbua, alikula papai lililopondwa na wali wa maji, na mbwa wake ndiye aliyekula nyama. Ukipita mbele yake hujavua kofia: siku saba. Majani yakiota mbele ya nyumba yako: siku saba. Alisema "siku saba" kama wengine wanavyosema habari gani, bila kuinua macho.

Madame alitembea na funguo kiunoni, hata sukari ilikuwa na kufuli. Alhamisi aliwafundisha mama zetu kufuma soksi, na hakuna mama hata mmoja pale aliyekuwa na viatu. Walikuwa wamezika mtoto mdogo wa kiume nyuma ya nyumba, na kila Jumapili wafungwa walipalilia kaburi lile huku Madame amesimama na mwavuli. Watu wa chini walisema angalau yule mdogo hatatufunga. Walisema hivyo na kucheka, na mimi nilicheka nao. Tulikuwa wakatili vilevile, ila sisi hatukuwa na jela.

Waliyebaki naye ni binti mmoja, rika langu, miaka minane hivi, nywele kama ndevu za mahindi. Hakuwa na wa kucheza naye, basi akanichukua mimi, kama mtu anavyochukua kikapu. Nilikwenda kwa ajili ya mkate wenye jamu ya mapera. Mpaka leo jamu ya mapera ikifunguliwa, mate yanajaa mdomoni kabla sijakumbuka.

Mchezo wetu ulikuwa mmoja tu, mahakama. Baba yake alikuwa amempa rejista ya zamani yenye kurasa zilizobaki, na yeye aliandika kila kesi humo, jina, kosa, hukumu, kama ofisini. Jaji ni yeye siku zote. Mshitakiwa ni mimi siku zote. Nilipiga magoti kwenye saruji, nikapewa siku saba na rula ya mti kwenye viganja. Rula ilikuwa na ukingo wa chuma. Nilivumilia, lakini nilikuwa na tamaa yangu: nilitaka kuwa shahidi. Shahidi anakaa kwenye kiti.

Sasa nikuambie baba yangu. Alikuwa mtu wa pasi. Wazungu walimwita boi. Yeye neno hilo hakulipenda. Ijumaa anafua lile koti, anatoa vifungo kimoja kimoja, mimi navisugua kwa majivu na ndimu mpaka vinaniwakia machoni. Jumamosi anapiga pasi kwenye kibanda chake karibu na nyumba yetu. Nakumbuka harufu ya wanga wa muhogo ukipata moto, na mimi nikipepea makala, yale makaa ya pasi. Madame alikuwa amempa kopo lenye matundu la kunyunyizia maji. Baba alilitumia Madame akiwa anatazama. Akiondoka, anajaza maji mdomoni na kuyapuliza juu ya koti, pfuuu, yanatua kama umande, halafu ananikonyeza jicho. Kila Jumatatu Bwana Zuzi alihukumu watu akiwa amevaa mate ya baba yangu.

Na koti likishakauka, kabla makala hayajazima, baba alilivaa.

Ndiyo, alilivaa. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akakohoa kikohozi cha Bwana Zuzi, akagonga kijiti mara tatu, na kesi ikaanza. Mshitakiwa alikuwa mbuzi wetu. Mama ndiye mkalimani. Baba alitoa ile sauti ya puani, Kiswahili kilichovunjika vipande: "Wewe mbuzi, jina yako nani? Baba yako iko nani? Wewe nakula majani ya Serikali, iliomba ruhusa?" Mama anamgeukia mbuzi na kumtafsiria kwa lugha ya kwetu, kwa heshima zote. Mbuzi anasema meee. Mama anatafsiri: "Anasema alikuwa na njaa." Baba anaandika hewani. "Njaa iko si sababu. Siku saba! Peleka!" Tulicheka mpaka tumbo linauma. Baba yangu alikuwa mtu wa maneno machache, mwili mwembamba, mtu usiyemwona njiani. Kwa muda wa makala kuzima, ukimwona unasimama.

Siku moja binti wa Zuzi alichoka. Alifunga rejista. Akasema kesi zangu ni za uongo, zinamchosha, kama sina ya kweli nirudi chini. Kumbuka mkate ulikuwa bado mezani.

"Ninayo ya kweli," nikasema. "Lakini mimi niwe shahidi. Nikae kwenye kiti."

"Ya nani?"

"Ya baba yangu."

Nilidhani najivuna. Nilitaka ajue kwamba baba yangu anaweza kuhukumu kuliko baba yake. Nikamweleza koti, ndoo, mbuzi. Nikamtolea ile sauti, maana hata mimi nilikuwa nayo, nilikuwa nimeirithi kama pua. Alicheka mpaka akaangusha kalamu. Ndipo akaiokota na kuandika yote, jina la baba yangu juu, shahidi chini. Nilikula vipande viwili siku ile.

Yaliyofuata tuliyapata kwa mpishi, aliyekuwa anapeleka supu. Jumamosi mchana, mezani, Bwana Zuzi alikuwa na desturi ya kusoma rejista ya binti yake na kumsahihisha Kifaransa. Alisoma ile kesi akatabasamu. Ingeishia hapo. Lakini binti akasimama juu ya kiti akaitoa sauti niliyomfundisha: "Njaa iko si sababu! Siku saba! Peleka!" Na Madame, ambaye tangu azike mtoto hakuna aliyemsikia akicheka, alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpishi alisema, mpaka machozi, huku anamnyooshea mumewe kidole. Bwana Zuzi aliweka kijiko chini. Akampa binti kalamu ya zambarau, akamwambia neno moja la Kifaransa limekosewa, alisahihishe. Kisha akamwita polisi.

Jumapili tulipotoka misa mama alinishika sikio. "Kesho watakuuliza. Utasema hukuona kitu. Utasema ulikuwa unacheza, uliyatunga. Wewe ni mtoto, mtoto akitunga ni mchezo, watamwacha. Ukisema uliona, wanamfunga. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Rudia."

"Sikuona kitu. Niliyatunga."

Baba alikuwa mlangoni anakata kucha kwa wembe. "Muache," akasema. "Aseme atakachosema." Sijui kama aliniamini au alikuwa ameshachoka.

Jumatatu walinipandisha. Ofisi ilikuwa imejaa, wengine wamesimama nje madirishani. Baba amesimama miguu mitupu katikati, mikono nyuma. Bwana Zuzi ndani ya lile koti, vifungo nilivyovisugua mwenyewe vinametameta. Na kwenye kona, karibu na bendera ndogo, binti yake amekaa ananitazama, rejista iko magotini. Mkalimani akanionyesha kiti. Kiti chenyewe, cha mgongo. Miguu yangu haikufika chini.

Bwana Zuzi hakumtumia mkalimani. Aliinama kidogo, akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza njia: "Wewe iliona?"

Halafu akangoja.

Nimefikiri jambo hili miaka mingi, na sitakudanganya. Wengine wangesema niliogopa. Sikuogopa. Tangu nizaliwe hakuna mtu mkubwa aliyewahi kuniuliza kitu na kunyamaza asikilize. Watu wote wale, polisi, karani, mkalimani, wote wamefunga midomo yao kwa ajili yangu. Nilijiona mtu.

"Ndiyo," nikasema. "Niliona."

Nilisikia mama nje akitoa sauti ndogo kama mtu aliyekanyaga mwiba.

"Alifanya namna gani?" mkalimani akauliza.

Hapo ningeweza bado kunyamaza. Nilishuka kwenye kiti. Nikakohoa kikohozi. Nikagonga kidole mara tatu kwenye meza ya Serikali, nikaitoa ile sauti, mbuzi na majani na yote, na niliitoa vizuri, ndugu yangu, sijapata kuitoa vizuri kama siku ile. Nje madirishani watu walilipuka kwa kicheko. Polisi mmoja aliziba mdomo. Mimi nikacheka nao, nikamtazama baba nione kama amefurahi. Baba alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

Bwana Zuzi alisubiri kicheko kiishe. "Siku saba," akasema. "Na fimbo nne." Wakati ule fimbo walikuwa wameshazipunguza, na yeye alipenda kutukumbusha kwamba nne ni huruma. Baba alipigwa pale pale chini ya bendera, amelalia tumbo, watu wawili wamemshika. Zile nne nilizihesabu mimi. Hakulia. Ya tatu ndiyo iliyomtoa mkojo, na wengine wakacheka tena, walewale wa madirishani.

Sasa sikiliza huruma yenyewe. Jumamosi ilifika, na Jumatatu Bwana Zuzi anahitaji koti, na hakuna mtu kilima kizima aliyejua kupiga pasi kama baba. Basi polisi alimleta kutoka jela mpaka kibandani, na shati la mistari, akakaa mlangoni na bunduki akimlinda mtu anayepiga pasi. Mimi nikapepea makala, maana ndiyo kazi yangu. Baba hakukonyeza. Alitumia kopo.

Koti lilipokwisha, Madame akaja mwenyewe. Alikuwa na gauni la binti yake, la bluu, lina kola ya lesi, limejikunja. Akasema kwa mkalimani wake, yaani mpishi, kwamba Bwana amefurahi kukuta mtoto mweusi anayesema kweli, na hii ni zawadi ya shahidi. Akampa baba alipige pasi.

Alilipiga. Kola aliirudia mara mbili, kwa ncha ya pasi, polepole, kama alivyofanya mikono ya lile koti. Wanga aliutia. Kisha akaninyooshea likiwa bado la moto, na hayo ndiyo maneno aliyonipa wiki ile yote: "Vaa. Geuka nione kama limekaa."

Nikavaa, nikageuka.

"Limekaa," akasema, na polisi akamrudisha.

Jumapili mama alinivalisha lile gauni nikaenda nalo misa, maana kutolivaa kungeonekana. Nilikuwa mzuri. Watu walinipisha njia. Mpaka leo kitambaa chenye wanga kikigusa shingo yangu nasikia kichefuchefu. Dukani nauza kila kitu kilichotokana na muhogo, wanga siuzi.

Na binti wa Zuzi je? Jumatatu ile ile baba aliyotoka jela, aliniita. Mkate mezani, jamu mezani, rejista imefunguliwa ukurasa mpya. Kiti cha shahidi tayari. "Na mama yako," akaniuliza, "yeye anafanya nini?"

Ungependa nikuambie niligeuka nikaondoka. Nilikaa. Nilikula. Nilisema mama yangu hafanyi kitu, nikapiga magoti mwenyewe nikatoa viganja. Kuhusu maji ya mdomoni sikusema, siku ile wala nyingine yoyote. Ni kidogo, lakini ndicho nilichomfichia baba yangu, na leo nakitoa kwa mara ya kwanza.

Baba aliendelea na pasi karibu miaka minne. Hakunipiga. Hakunitukana. Alinipa chakula changu, alininunulia kalamu. Jioni alikaa mlangoni, na nikija kukaa karibu naye anakumbuka kitu ndani. Mbuzi tulimla. Nilitaka jambo moja tu, nililitaka kuliko viatu: acheze tena. Hata mara moja. Nilikuwa nikifika Jumamosi nasimama nyuma ya kibanda nasikiliza kama kuna kikohozi. Nilisikia pasi tu.

Halafu uhuru ukaja, na wao wakaondoka asubuhi moja na gari mbili, chakula kimebaki kwenye sufuria. Madame alimbeba mbwa. Binti alipita, uso dirishani mwa gari, hakuinua mkono. Kufikia saa nne mlango ulikuwa wazi na watu wa chini wamepanda juu. Mke wa katekista alibeba beseni la kuogea peke yake, mtu mmoja, chuma kile. Sukari ililiwa pale pale kwa viganja. Baba hakupanda.

Wao ndio waliomshukia. Vijana na wazee, wamelewa divai ya Bwana Zuzi, wamelishika lile koti juu kama bendera. "Vaa, mzee! Vaa utuhukumu! Sasa wewe ndiye Zuzi!" Kisa chake kilikuwa kinajulikana kilima kizima, wengi wao ndio waliocheka madirishani.

"Mmelikunja vibaya," baba akasema. Wakaangua kicheko. Wakamvalisha.

Nilikuwa na miaka kama kumi na miwili. Nilipenya kati ya watu, nikafika mbele, na mimi ndiye niliyepiga kelele kuliko wote: "Baba, hukumu! Hukumu!"

Akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Akakaa juu ya beseni la kufulia lililopinduliwa. Akakohoa. Na ile sauti ikatoka, ile ile, haikuchakaa hata kidogo, na machozi yakanitoka kwa furaha.

"Shahidi iko wapi?"

Watu wakanisukuma mbele, wanacheka.

"Wewe iliona?"

Nikajua. Nilikuwa mtoto, lakini nilijua ananiuliza nini, na jibu nilikuwa nalo, nimelala nalo miaka minne. Nikalisema kwa nguvu ili kila mtu asikie, na mama aliyekuwa mlangoni asikie.

"Hapana, Bwana Zuzi. Sikuona kitu. Niliyatunga."

Akaandika hewani.

"Shahidi huyu iko muongo," akasema. "Siku saba. Peleka."

Watu walikufa kwa kicheko. Walianguka chini, walipigana mabega. Vijana wawili wakaninyanyua kwapani na kunipeleka mpaka kwenye uzio, mchezo tu, na mimi nikacheka kwa sababu wote walikuwa wanacheka. Nilipogeuka baba ameshavua koti, analikunja sawasawa, mikono ndani, kola juu.

Alikufa nikiwa nimeolewa Uvira. Vita vilikuwa vimefunga njia, sikumzika. Nyumba ya juu walishaitoa mabati, baadaye milango, baadaye matofali. Aliyepita huko mwisho aliniambia mihogo inaota kwenye baraza. Mama hayupo, mpishi hayupo, wa madirishani wote hawapo. Juzi nilipeleka oda mtaa wa Overport, nikaona pasi ya makala kwenye dirisha la duka la vitu vya kale, wamepanda ua ndani yake.

Sauti ya Bwana Zuzi bado ninayo. Nikiwa peke yangu dukani, nikifunga, naweza kuitoa sasa hivi, puani, kikohozi na yote, ungeapa yuko kaunta. Ile nyingine, ya baba mwenyewe, siipati. Ile aliyoniitia kula, ile aliyosemea "limekaa". Nafungua mdomo nijaribu, na kinachotoka ni Zuzi.